Namba za Ajabu au Riwaya: Kipi Kitangulie kwa Kijana Aliyechoshwa na Masomo?

Mzazi anayelalamika kwamba kijana wake wa kidato cha pili hashiki daftari mpaka asukumwe hupewa, kwa kawaida, ushauri wa namna mbili. Wapo wanaomwambia anunue vitabu vya hadithi, kwa hoja kwamba aliyezoea kusoma kwa raha hatapata taabu kusoma kwa lazima. Wapo pia wanaomwambia atafute mafumbo ya hisabati na maajabu ya namba, kwa hoja kwamba akili iliyokwisha kuonja raha ya kufumbua jambo huitafuta raha hiyo tena. Ushauri wote huo ni mwema, lakini wanaoutoa ni nadra kueleza kwamba njia hizi mbili zinadai mambo tofauti kabisa kutoka kwa nyumba inayozipokea, na kwamba iliyofaa kwa jirani inaweza isifae kwako bila ya mtoto wako kuwa na kasoro yoyote.

Ulinganisho huu unamhusu kijana wa kati ya miaka 13 na 17 anayesoma Tanzania au Kenya. Hauhusu namna ya kupandisha alama za mtihani kabla muhula haujaisha. Kazi hiyo ina walimu wake wa tuisheni, na yale niliyo nayo moyoni kuhusu tuisheni nitayaweka kando kwa leo. Swali ni moja tu: iwapo una nafasi ya kuanza na kitu kimoja likizo ijayo, uanze na kipi? Maoni yangu ni kwamba usianze kwa kuuliza kijana ana kipaji gani. Itazame nyumba kwanza: nani anakuwapo jioni, utulivu upo kiasi gani, na kitabu cha pili kitatoka wapi pale cha kwanza kitakapokwisha.

Ajabu ya namba kwa karibu

Wengi wakisikia mafumbo ya hisabati huwaza yale maswali magumu ya mwisho wa sura katika kitabu cha shule. Ajabu ya namba ni kitu kingine. Ni jambo ambalo yeyote anayejua kutoa na kugawanya anaweza kulishuhudia kwa kalamu yake mwenyewe, na ambalo humfanya aulize sababu kabla hajaagizwa kuuliza.

Mfano ninaoupendelea uligunduliwa mwaka 1949 na D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali nchini India. Chukua namba yoyote yenye tarakimu nne, mradi tarakimu hizo zisifanane zote. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha zipange upya kutoka ndogo hadi kubwa, na uitoe namba ndogo katika ile kubwa. Jibu utakalopata ulifanyie vivyo hivyo, na linalofuata vivyo hivyo. Tuchukue 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Ukitoa 1169 katika 9611 unapata 8442. Ukitoa 2448 katika 8442 unapata 5994. 9954 ukitoa 4599 ni 5355. 5553 ukitoa 3555 ni 1998. 9981 ukitoa 1899 ni 8082. 8820 ukitoa 0288 ni 8532. Na 8532 ukitoa 2358 ni 6174. Hapo safari inakoma, kwa maana 7641 ukitoa 1467 inabaki 6174 ileile. Tumetumia hatua saba, na hakuna namba ya tarakimu nne inayohitaji zaidi ya hizo. Mwaka 1964, wa Muungano, hufika palepale kwa hatua sita, na mwaka 1963, wa uhuru wa Kenya, kwa hatua tano.

Ni vigumu kijana kuoneshwa jambo hilo asijaribu mwaka wake wa kuzaliwa. Aliyezaliwa 2010 atafika kwa hatua tatu, mdogo wake wa 2011 kwa hatua nne, na mabishano juu ya nani ana mwaka bora yataanza bila mtu mzima kuyachochea. Kuna mtego mmoja wa kuchunga, nao ni kwamba sifuri haidondoshwi. Anayeanza na 2111 atapata 999, na asipoiandika 0999 ili tarakimu zibaki nne, ataona kanuni imemdanganya na kuiacha kwa hasira.

Utamu wenyewe, hata hivyo, uko mbele kidogo. Mwambie ajumlishe tarakimu za kila jibu alilopata njiani. Katika mfano wa 1961, tarakimu za 8442 zinafanya 18, za 5994 zinafanya 27, za 5355 zinafanya 18, za 1998 zinafanya 27, na majibu yote yaliyobaki yanafanya 18. Haitatokea jumla nyingine, aanze na namba gani. Kijana mwenye subira anaweza kugundua mwenyewe kwamba 27 huja pale tu ambapo tarakimu mbili za katikati, zikishapangwa, zinalingana, kama zilivyo 4 na 4 katika 8442 au 5 na 5 katika 5553. Kisha atataka kujua kwa nini, na jibu limo ndani ya kutoa kwa kukopa alikofundishwa darasa la tatu, akipenda kulifuatilia. Akilipata bila kuelekezwa, amefanya kazi ileile ya mwanahisabati, na hakuna mtihani utakaomuuliza habari hiyo. Kwangu mimi, huko kutoulizwa ndiko kunakoifanya ifae.

Kwa kijana mbishi kuna lingine. Chukua namba yoyote nzima kuanzia 1. Ikiwa ni shufwa igawe kwa 2, ikiwa ni witiri izidishe kwa 3 uongeze 1, kisha urudie. Namba zote zilizowahi kujaribiwa huishia kwenye 1. Ukianza na 27, ambayo haina dalili ya makuu, utapanda hadi 9,232 na kutumia hatua 111 kabla hujafika chini. Swali hili linahusishwa na Lothar Collatz, Mjerumani aliyelitafakari mwaka 1937, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba ni lazima iwe hivyo kwa namba zote. Vijana walioaminishwa kwamba hisabati ilikwisha kamilika zamani, na kwamba wao wamekuja kukariri tu, hushtuka kusikia kuwa kuna swali ambalo mtoto wa darasa la tano analielewa na dunia nzima haijalijibu.

Riwaya hufanya kazi kinyume

Ajabu ya namba hukamata ndani ya dakika kumi, au haikamati kabisa. Riwaya huomba kurasa ishirini au thelathini za uvumilivu kabla haijamlipa msomaji wake, na kurasa hizo ndizo zinazowapoteza wengi. Ila ikishamshika, humshika kwa siku kadhaa mfululizo bila mtu wa kumsimamia, jambo ambalo namba haziliwezi: fumbo likifumbuliwa limekwisha, na asipokuwapo wa kuleta jingine, jioni hiyo imekwisha nalo.

Kikwazo kikubwa cha riwaya kwa vijana wetu si uvivu, wala si simu peke yake. Wengi wamekutana na riwaya kwa mara ya kwanza ikiwa ni kitabu teule, pamoja na swali la kutaja dhamira nne na kueleza tabia za mhusika mkuu kwa kutoa mifano. Aliyejifunza kusoma kwa namna hiyo huifungua hadithi huku akitafuta hoja za kuandika, na mara nyingi haifungui kabisa, kwa sababu madukani kuna miongozo na chambuzi zinazompa hoja zote zikiwa zimepangwa. Nimekutana na wanafunzi wanaoweza kueleza mtindo, mandhari na falsafa ya mwandishi wa kitabu ambacho hawajasoma hata ukurasa wake wa kwanza. Siwalaumu sana, wamefanya walichoombwa.

Kwa hiyo kitabu cha kuanzia kisiwe miongoni mwa vinavyotahiniwa mwaka huo, na kiwe na jambo linalomfanya msomaji afunue ukurasa unaofuata. Hadithi za upelelezi hufaa zaidi kuliko watu wazima wanavyopenda kukiri. Katika Kiswahili tuna Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyotoka mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anachunguza kifo kwa kuuliza na kupima maneno ya watu, na msomaji makini anaweza kujaribu kumtangulia. Kijana anayependa kufumbua mambo lakini anayeogopa namba atapata humo raha ileile ya 6174 kwa mlango mwingine. Kwa anayevutwa zaidi na maisha ya kijana mwenzake, Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, inamfuata kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake, na imesomwa pande zote mbili za mpaka, ingawa Kenya wapo waliolazimishwa kuisoma shuleni na ambao huenda bado wanainunia.

Jambo moja ambalo wazazi huliona gumu kulikubali ni kwamba kijana awe na haki ya kuacha kitabu katikati. Hakuna anayemlazimisha mtu mzima kumaliza gazeti. Kijana aliyeacha vitabu vitatu na kumaliza cha nne amesoma kwa raha kuliko aliyemaliza kimoja kwa kutishwa, na anajua zaidi anachokipenda.

Vikiwekwa sambamba

Tuanze na muda na utulivu, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Riwaya inahitaji vipande virefu vya muda, mahali pa kukaa, mwanga, na mikono mitupu. Katika nyumba yenye chumba kimoja cha kukaa, televisheni ikiwa imewashwa na wageni wakiingia na kutoka, kijana anayesoma huitwa kila baada ya aya mbili, na aghalabu anayeitwa ni msichana. Nasema hivyo kwa makusudi. Mvulana aliyeinamia kitabu husifiwa kwamba anajisomea. Dada yake aliyeinamia kitabu huulizwa kama vyombo vimeoshwa. Ajabu ya namba haina udhaifu huo, kwa sababu hubebwa kichwani. Mtu anaweza kuwaza namna ya kumvusha mtoni chui, mbuzi na mzigo wa majani, kimoja kimoja, bila ya kimoja kumla mwenzake, huku akipepeta mchele au akisubiri zamu yake bombani, na anapofika kwenye safari ya saba na kuwa amevusha vyote, hakuna aliyejua kwamba alikuwa anasoma. Umeme ukikatika, fumbo haliathiriki.

Kwa gharama, namba zinashinda bila ubishi siku ya kwanza, kwa kuwa zinahitaji karatasi na kalamu tu. Lakini gharama ya vitabu haiko pale wazazi wengi wanapodhani. Kitabu kimoja si ghali kupita kiasi, hasa kwa wauzaji wa mitumba wanaopanga vitabu kando ya barabara katikati ya jiji, wale ambao Nairobi huitwa inama kwa sababu mnunuzi hana budi kuinama. Tatizo ni kitabu cha pili, cha tatu na cha tano. Kijana aliyeshikwa na riwaya kisha akakaa miezi miwili bila nyingine hurudi alikotoka. Ndiyo maana mwenye maktaba karibu yuko katika hali tofauti kabisa na asiye nayo. Dar es Salaam ina Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina matawi mikoani. Nairobi ina maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, na Kenya nayo ina mtandao wake wa maktaba za taifa. Mwenye mojawapo ya hizo ndani ya nauli ya daladala au matatu moja, kwake hoja ya gharama imekwisha. Asiye nayo atafute vijana wengine watatu au wanne wa mtaani wenye kitabu kimoja kila mmoja, wabadilishane.

Lugha inastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa kuwa husahaulika. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania husoma kwa Kiswahili, kisha anapoingia kidato cha kwanza masomo yake karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Kwa wengi, kuchoka na masomo huanza hapohapo, si kwa sababu wamekuwa wajinga ghafla, bali kwa sababu mwalimu anaongea na wao hawafuati. Kijana wa namna hii huamini kwamba hisabati imemshinda, ilhali kilichomshinda ni maelezo ya swali. Mbele ya 6174 hana kizuizi hicho. Tarakimu hazikubadilika alipovaa sare mpya, na kugundua kwamba bado anaweza kufikiri humrudishia heshima aliyoipoteza. Riwaya ya Kiswahili nayo humrudishia heshima hiyo kwa njia yake. Kosa ni kumpa riwaya ya Kiingereza nene kwa nia ya kuua ndege wawili kwa jiwe moja: atafungua kamusi mara kumi katika ukurasa mmoja, na raha iliyokusudiwa itageuka kuwa kipindi kingine cha shule. Vitabu vya Kiingereza vije baadaye, vikiwa vyembamba na vyepesi kuliko uwezo wake.

Linabaki suala la kukwama. Anayesoma riwaya hakwami. Anaweza kuchoka, lakini ukurasa unaofuata uko wazi muda wote. Anayeshughulika na namba hukwama kila mara, na kuna vijana ambao kukwama kunawachochea na wengine ambao kukwama kunawathibitishia lile walilokwisha kuambiwa darasani, kwamba hawana akili. Huyu wa pili asianzishiwe namba akiwa peke yake, hata kidogo. Na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema mafumbo ni mchezo tu na hayawezi kumdhuru mtu. Fumbo lililotolewa mbele ya ndugu, pamoja na kaka aliyelijibu kwa haraka na kucheka, linaweza kufunga mlango kwa miaka.

Kazi ya mtu mzima

Riwaya humtaka mtu mzima alete vitabu, alinde saa moja ya kijana isiingiliwe, kisha anyamaze. Namba humtaka akae. Mzazi asiyejua hisabati anaweza kabisa kuifanya kazi hii, na pengine kwa ubora zaidi kuliko anayeijua, kwa sababu hatajaribiwa kutoa jibu. Anachotakiwa ni kuchukua kalamu yake, kujaribu mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa, akosee kutoa, asahihishwe na mwanawe, na kuuliza kwa dhati.

Namna mtu mzima anavyopokea swali ina uzito mkubwa, na historia yetu ina ushahidi wake. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuhofia kukosa nafasi katika jokofu, aliingiza maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuwa moto. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka, lakini Osborne aliporudi chuoni alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi bado wanabishana juu ya lini jambo hilo hutokea na kwa nini, ila jina la Mpemba limebaki katika fizikia. Watu wazima wawili walisikia swali lilelile, na mmoja tu ndiye aliyelipa nafasi.

Kuhusu zawadi, tahadhari. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kuunganisha, akawalipa baadhi yao kwa kila fumbo walilomaliza. Malipo yaliposimama, waliowahi kulipwa hawakuvutiwa kuendelea kwa muda wao wa mapumziko kwa kiasi cha wale ambao hawakulipwa kamwe. Mzazi anayeahidi vocha au bando kwa kila kitabu kilichomalizwa ananunua kurasa, na kijana atamuuzia kurasa. Tabia hiyo huharibu riwaya na namba kwa kiasi kilekile, kwa hiyo haisaidii kuchagua. Naitaja kwa kuwa nimeiona ikisifiwa mno.

Njia ya tatu, kwa ufupi

Nyumba ambayo si ya vitabu wala ya karatasi inaweza kuanza na bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja baada ya nyingine. Anayecheza vizuri huhesabu kete zitaishia wapi kabla hajagusa shimo, na kufanya hivyo mara kadhaa mbele ni hesabu halisi, hata kama mchezaji atakataa kuiita hivyo. Udhaifu wake ni wa kijamii: bao huchezwa barazani na vijiweni na wanaume, na msichana wa miaka 15 hawezi kwenda kujifunza huko. Akiletewa ubao nyumbani na babu yake akakubali kumfundisha, udhaifu huo unaondoka.

Uchague kipi

Kama nyumbani kuna mtu mzima anayepatikana jioni walau mara mbili kwa wiki, na kijana ni wa kubishana, wa kuuliza, wa kutotulia, anza na namba. Usimpe kitabu kizima cha mafumbo. Mpe jambo moja, liishe lenyewe, na subiri. Dalili kwamba limeshika ni pale atakapokuletea lake, la kutoka shuleni au mtandaoni, akitaka uone aibu kwa kulikosa. Alama za hisabati zisitarajiwe kupanda kwa sababu hiyo peke yake, kwa maana muhtasari wa shule unadai mazoezi ya mambo mengine. Kinachopanda ni utayari wa kukaa na swali gumu bila kukimbia.

Kama wazazi hurudi usiku, au kijana ni mpole anayeepuka kushindanishwa, au amekwisha kuumizwa na hisabati, anza na riwaya ya Kiswahili, mradi uwe umehakikisha kwanza kitabu cha pili kiko wapi. Usimuulize kimefundisha nini. Muulize nani alimkera zaidi humo ndani, na umwache aseme.

Kijana wa shule ya bweni yuko katika hali yake pekee. Ana saa za prepo, mwalimu wa zamu anayepita, na vitanda vingine vingi pembeni. Riwaya katika begi lake itasomwa na bweni zima na huenda isirudi, jambo ambalo si hasara. Lakini kama sheria za shule haziruhusu vitabu visivyo vya masomo, na zipo shule za namna hiyo, namba hazipekuliwi langoni. Mfundishe 6174 usiku wa kuamkia safari, na umwachie ile sehemu ya 18 na 27 bila kumweleza.

Wenye watoto wawili wasiwape njia moja kwa ajili ya urahisi. Mkubwa apewe riwaya na mdogo apewe namba, au kinyume chake, kila mmoja awe na eneo ambalo mwenzake hamtangulii. Na wanaotaka kuunganisha vyote viwili baada ya miezi michache wana daraja zuri katika hesabu ya mirathi ya ngamia 17: mzee aliacha wosia kwamba mwana wa kwanza apate nusu, wa pili theluthi, na wa tatu sehemu moja ya tisa. Jirani akawaazima ngamia wake, wakawa 18, wakagawana 9, 6 na 2, na ngamia wa jirani akabaki akarudi kwao. Mpenzi wa hadithi atataka kujua kama wana waliridhika. Mpenzi wa namba atajumlisha nusu, theluthi na sehemu ya tisa, akute 17 ya 18, na kuona kwamba tangu mwanzo mzee hakuwa amegawa mali yake yote.